Samaki wa Mwalimu na Maji ya Kariakoo

Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo wengi wenu mmetuuliza kila mlipopanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, mkaliona lile tangi la kioo kando ya ukuta wa sebule na samaki wa manjano na wa buluu wakifukuzana baina ya mawe. Swali la kwanza huwa ni kama wanaliwa. La pili huwa ni wametoka nchi gani, maana mgeni hudhani kwamba kitu chenye rangi namna ile hakina budi kuwa kimeshuka bandarini pamoja na makontena ya vitenge. Tunapojibu kwamba asili yao ni Ziwa Nyasa, na kwamba ni ndugu wa damu wa perege na sato tunaowala kwa ugali, mgeni huinama tena kwenye kioo, safari hii kwa kutazama kweli.

Jamaa hii ya samaki kwa jina la kitaalamu huitwa Cichlidae. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kuikusanya yote, ila watu wa kila ziwa wanayo majina yao: Kigoma kuna kuhe, Nyasa kuna mbuna, na Mwanza kuna furu, ambao tutawarudia baadaye. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za jamaa hii. Ziwa Nyasa hukadiriwa kuwa na zaidi ya 800. Ziwa Victoria lilikuwa na kama 500 kabla ya msiba uliolipata. Karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani wamezijua kwa miongo mingi na kuziandikia vitabu, hata mtoto wa London aweza kukutajia samaki wa Ziwa Nyasa kwa majina yao, huku mtoto wa Mtaa wa Sikukuu akidhani kwamba samaki wa mapambo ni yule mwekundu wa Kichina peke yake. Jambo hilo halituudhi sana, lakini hutufikirisha.

Mtu anayetaka kufuga samaki hawa kwa kawaida huanza na samaki na kumalizia na maji. Yafaa iwe kinyume chake, kwa sababu afugaye samaki kwa kweli hufuga maji, na samaki huja tu kukaa ndani yake. Siku tuliyokwenda kutafuta tangi, muuzaji mmoja alitaka kutufungia kila kitu kwa pamoja: tangi, pampu, changarawe za rangi na samaki kumi na wawili ndani ya mfuko wa nailoni, ili jioni ile ile sebule ipendeze. Tulimshukuru tukaondoka mikono mitupu. Tulikwenda Gerezani kwa fundi vioo, akatukatia kioo cha milimita 10, akakiunga kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana ile ya kuzibia bafu huwadhuru samaki, kisha akatuagiza tuliache likauke juma zima kabla ya kulitia hata tone. Lina urefu wa mita 1.2, na upana na kimo chake ni sentimita 45 kila kimoja; kwa hiyo likijaa huchukua lita kama 240. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza mawe, mchanga na kioo chenyewe, unapata uzito wa watu wazima watano waliosimama mahali pamoja usiku na mchana bila kuondoka. Katika maghorofa yetu ya Kariakoo hilo si jambo la kupuuza, nasi tuliliweka kandokando ya ukuta, juu ya boriti, wala si katikati ya chumba ambapo lingependeza zaidi.

Sasa maji. Sehemu kubwa ya jiji letu hunywa maji ya Mto Ruvu, yaliyotiwa klorini ili yasituletee kipindupindu. Twashukuru kwa klorini hiyo, lakini ndiyo hiyo hiyo inayounguza matamvua ya samaki. Basi tunayakinga maji katika pipa, tunayaacha wazi kwa siku moja au mbili huku pampu ndogo ikiyapulizia hewa, hadi klorini ipotee. Maji ya kisima hayana klorini, ila visima vingi vya jijini vina chumvi, na vile vilivyo karibu na makaro vina mambo mengine tusiyopenda kuyataja mezani. Tena samaki hawa hawakuzoea maji laini. Ziwa Nyasa lina maji ya magadi kidogo, yenye pH ya 8 na kitu. Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Kwa ajili hiyo tulitafuta mawe ya chokaa, yale yachimbwayo upande wa Wazo na Boko, tukayasugua kwa brashi, tukayaloweka, tukayapanga kama mapango. Jiwe la namna hiyo huyeyuka polepole mno, likayashika maji yasigeuke asidi. Wapo wanaoshauri kung'oa matumbawe baharini kwa kazi hiyo. Hatukubaliani nao hata kidogo: ni kubomoa nyumba ya samaki wengine ili kuwapamba hawa wetu.

Kisha tulingoja majuma sita. Wageni walicheka, "Ndiyo tangi la mawe hilo?", nasi tulicheka pamoja nao, lakini hatukutia samaki. Sababu ni hii. Samaki hunya na kupumua ndani ya maji yale yale anayoishi, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili isipozidi. Bakteria hao hawauzwi kwa kilo. Huja wenyewe na kuzaana taratibu juu ya mawe na ndani ya sifongo ya chujio, ilimradi wapate cha kula. Kila siku tulitupia chembe chache za chakula katika tangi lisilo na kitu, zikaoza, nao wakala. Tena kuna jambo ambalo mfugaji wa maziwa yetu hana budi kulijua: kadiri maji yanavyokuwa ya magadi na ya moto, ndivyo amonia inavyozidi ukali. Maji yale yale ambayo mbuna huyapenda ndiyo yanayomwua upesi yakichafuka. Aliyetia samaki siku ya kwanza huwazika juma la pili, halafu husema samaki hawa ni wagumu kufuga.

Wa kwanza kuingia walikuwa mbuna wanane wa manjano, wadogo kama nusu ya kidole, waliozaliwa tangini kwa mfugaji mwenzetu wa Upanga. Tulitaka waliozaliwa tangini, si waliovuliwa ziwani, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo. Huishi kwa amani zaidi na ziwa halipungukiwi. Wale wa buluu walifuata miezi miwili baadaye. Mbuna wengi ni walisha mwani: huko kwao hukwangua majani membamba juu ya miamba kutwa nzima, na utumbo wao ni mrefu kwa kazi hiyo. Ukiwapa nyama kwa kuwahurumia, matumbo huvimba, na hufa. Sisi huwapa mchicha uliotokoswa kidogo, njegere zilizomenywa, na chakula cha madukani kilichosagwa pamoja na mwani. Kiasi ni kile wanachokimaliza kabla hujarudisha kopo kabatini. Watoto wa jengo letu hupenda kuwalisha, na tumelazimika kuwafundisha kwamba samaki huomba hata akiwa ameshiba.

Ukali wao ni jambo la pekee. Dume la mbuna hujitwalia pango na kulilinda kama mwenye fremu ya Kariakoo anavyolinda fremu yake, asikanyage mtu mlangoni. Ukiweka madume mawili peke yao, mmoja atamwua mwenzake. Ukiweka samaki kumi na sita wenye mapango ya kutosha, ghadhabu hugawanyika, na hakuna anayeonewa peke yake mchana kutwa. Wazungu wa zamani waliofuga wawili wawili kama waliomo safinani walijifunza hivyo kwa hasara.

Lakini kinachowanyamazisha wageni wetu ni jike. Hutaga mayai juu ya jiwe na papo hapo huyakusanya kinywani, kumi, pengine ishirini na kitu. Huyabeba majuma matatu hivi, kidevu kimetuna, na kwa muda huo wote halili. Chakula kinapita mbele ya pua yake, linakitazama tu. Mwishoni huwatema watoto waliokamilika, kila mmoja na macho makubwa, nao hukimbilia nyufa za mawe. Sato naye hulea kwa kinywa hivyo hivyo. Tunamla bila kujua.

Yapo mambo mawili ya jiji letu ambayo vitabu vya Ulaya haviyasemi. Moja ni joto. Wao hununua vyombo vya kupasha maji. Sisi mnamo Februari tunatafuta namna ya kuyapoza, maana maji yakifika nyuzi 31 hushika hewa kidogo, na samaki hupanda juu kutweta. Bibi zetu walishatufundisha dawa yake: mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho. Tunalielekeza feni juu ya uso wa maji, nayo hushuka nyuzi mbili au tatu. La pili ni umeme. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023, pampu zilisimama saa nyingi mfululizo, na katika saa hizo si samaki tu wanaokosa hewa, bali na wale bakteria ndani ya chujio. Tunaitunza betri na pampu ndogo ya sola, vitu ambavyo Kariakoo havikosekani, na siku ya giza hatulishi kabisa. Samaki mwenye njaa huchafua maji kidogo, naye hafi kwa siku tatu za njaa.

Hayo yote ni ya ufundi. Lililotusumbua dhamiri lilikuja Oktoba 2022, Ruvu iliposhuka kwa ukame na DAWASA wakaanza mgao wa maji jijini. Kwa kawaida kila juma tunatoa sehemu ya tano ya maji ya tangi, ndiyo lita kama hamsini, na kurudisha masafi, kwa kuwa nitrati haina njia nyingine ya kutoka. Lita hamsini ni madumu mawili na nusu. Siku moja mama wa mlango wa pili alitukuta ngazini na ndoo, naye akasema bila hasira, "Jamani wanangu, sisi tunahesabu madumu, ninyi mnawabadilishia samaki?"

"Shikamoo mama," tukasema, na hatukuongeza neno. Halikuwa swali la kujibiwa ngazini.

Usiku ule tulikaa kama nyumba tukashauriana. Wengine walisema maji ni yetu, tumeyalipia. Wengine walisema tuwagawe samaki wote, yaishe. Tuliafikiana jambo la tatu, nalo limebaki kanuni ya nyumba hadi leo: maadamu kuna mtu katika ngazi ile anayenunua maji kwa dumu, hakuna tone la bomba litakaloingia tangini. Samaki kumi walikwenda kwa mfugaji wa Kigamboni mwenye kisima cha maji matamu. Waliobaki tuliwalisha mara tatu kwa juma, kidogo sana, na maji yalikaa bila kubadilishwa hadi mvua za vuli. Mvua ilipoanza tuliikinga darini. Maji ya mvua ni laini mno kwa mbuna, hivyo tuliyaweka kwenye pipa lenye mawe ya chokaa kwa siku kadhaa. Hakufa hata mmoja. Na yale machafu tuyatoayo, ambayo kwa mmea ni mbolea kwa sababu ya ile nitrati, humwagiliwa makopo ya mchicha kwenye roshani, na mchicha huo mama wa mlango wa pili huuchuma atakavyo.

Ni yeye aliyetuuliza baadaye, akiwa ameketi sebuleni kwetu na fungu la mchicha mapajani, kwa nini hasa tujisumbue namna hiyo kwa samaki wasioliwa. Yeye ni mtu wa Mwanza. Basi tulimwuliza, "Mama, furu unawakumbuka?"

Aliwakumbuka, vidogo vya miba mingi, vilivyokaushwa juani, chakula cha kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwamo Frans Witte, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977, waliwakuta wakali bado wapo tele: katika vina vya ziwa furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wote wa samaki. Kila aina ilikuwa na riziki yake, huyu akivunja konokono kwa taya la pili lililomo kooni, yule akila mwani, mwingine akinyakua watoto wa wenzake kutoka vinywani mwa mama zao. Sangara alikuwa ametiwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950. Alikaa kimya muda mrefu, kisha katika miaka ya 1980 akafurika, na furu wakatoweka. Hukadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Wapo waliosalia kwa sababu tu walikuwa wamepelekwa Ulaya na Marekani wakazaana ndani ya vioo.

Habari ya sangara inajulikana na wengi. Isiyojulikana ni habari ya maji. Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte walimwandika furu mmoja wa Mwanza aliyekuwa hana jina la kitaalamu, na kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka mwaka ule ule, wakampa jina la nyererei. Leo jina lake kamili ni Pundamilia nyererei, na mwaona kwamba hata jina la ukoo ni la Kiswahili, kwa ajili ya milia iliyo ubavuni. Hivyo yule ambaye Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu tangu 2005 anaye pia samaki, mwenye mgongo mwekundu kama kaa la moto, asiyezidi sana upana wa kiganja. Ndugu yake wa karibu huitwa Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu. Majike ya hao wawili hufanana sana, na jike humjua dume la aina yake kwa rangi.

Sasa, rangi huhitaji nuru, na nuru huhitaji maji maangavu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba mahali ambapo Ziwa Victoria limetibuka kwa udongo wa mashambani, mbolea na maji taka, mwanga unaopita ni wa manjano na machungwa tu, na rangi za madume hazitambulikani. Majike hupotea. Nyekundu huzaa na buluu, na baada ya vizazi kadhaa hakuna nyekundu wala buluu, bali samaki wa kijivujivu asiye na jina. Walijaribu pia tangini, wakawasha taa ya rangi moja, na majike wakaacha kuchagua. Upande wa Mwanza hali hiyo inaonekana kisiwa kwa kisiwa: Makobe, penye maji maangavu, aina hizo mbili zimebaki mbili, Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, penye maji ya matope, zimechanganyika. Hakuna aliyewavua, hakuna aliyewala. Na sangara mwenyewe alichangia kwa njia asiyoijua, kwani ana mafuta, hakauki juani kama furu, hubanikwa kwa kuni, na miti ya kando ya ziwa ikakatwa.

Mama alinyamaza muda, kisha akauliza kama huyo wa Mwalimu yumo humu tangini. Hayumo. Huko Ulaya na Marekani huuzwa kama samaki wa mapambo, lakini sisi hatujampata katika duka lolote tulilopita jijini, na hata tukimpata hatutamweka pamoja na hawa wa Nyasa, wala hatutaweka aina mbili ambazo majike yake yanafanana, kwa sababu tangini nako huchanganyika. Ni hivyo hivyo na wanaowachoka samaki wao: tafadhalini wagaweni, msiwamwage Mto Msimbazi wala bwawa lolote, maana sangara naye aliingia kwa mkono wa mtu.

Tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wameonekana tena ziwani, na mama atakapokwenda kwao kuhani mwezi ujao ameahidi kututazamia sokoni kama wapo waliokaushwa. Wa Mwalimu hatawakuta mizanini. Yuko kwenye miamba ya Makobe, chini kidogo, mahali ambapo wekundu bado unafika.